Baba mdogo alivyochonga mtumbwi wa pombe kwa sedrela, nusura nikose mke

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na siongezi chumvi. Ingawa chumvi ingesaidia sana, ukijua nilichokunywa.

Mimi ni wa Biharamulo. Mchumba wangu alikuwa wa Mugoma, kule Ngara. Baba yangu alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mambo yangu ya kuoa yalishikwa na baba mdogo, ambaye ni seremala.

Sasa baba mdogo ana ugonjwa wake. Unaitwa sedrela.

Kwa wasioujua, ni mti wenye asili ya nchi za joto za Amerika, ukaletwa huku ukapandwa mashambani. Nimtendee haki mzee, mbao zake ni nzuri. Nyepesi, zina wekundu wa mbali, randa inateleza yenyewe. Mchwa hawazigusi. Ukitengeneza kabati, nguo zinanukia na nondo hawasogei.

Ila mbao zikiwa mbichi zinatoa utomvu unaonata, na ukizilamba ni chungu balaa. Hilo baba mdogo hakulitaja hata siku moja. Nani analamba kabati?

Basi wakuu, kwetu ukienda kuposa unabeba rubisi, pombe ya ndizi, iliyotengenezwa nyumbani kwenu. Ukipeleka ya kununua ni kuwaambia wakwe kwamba ukoo wenu hauna hata mgomba. Ndizi mbivu zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika kwa majani ya mgomba, inachacha humo humo.

Mtumbwi wetu wa siku zote ukapasuka. Badala ya kuazima kwa jirani kama watu wenye akili, baba mdogo akaangusha sedrela achonge mpya. Tezo lilikuwa linaingia kama kwenye papai, mzee anapiga mluzi.

Mama akanusa, akauliza kwa adabu, "Shemeji, hii harufu si itaingia kwenye pombe?"

"Shemeji, huko Amerika wanachongea mitumbwi ya kuvukia mito!"

Kana kwamba sisi tulikuwa tunakwenda Mugoma kwa maji.

Pombe ilipokwisha kuchacha humo, mama akaomba basi tuonje kabla ya kuondoka. Mzee akang'aka kwamba pombe ya wakwe haifunguliwi kabla ya wakwe. Madumu yakafungwa, safari ikaanza.

Tukapokelewa vizuri. Shikamoo zikaitikiwa, baba mkwe mtarajiwa kakaa na ndugu zake, pombe ikamiminwa kwenye vibuyu.

Sebule ikajaa harufu. Shangazi wa binti akasema kwa sauti, "Mbona inanuka kabati?"

Baba mkwe akakiweka kibuyu chake chini.

Wakuu, pombe ya ugeni yenye harufu isiyoeleweka, watu hawafikirii mbao. Wanafikiria sumu. Na aliyeileta ndiye anayetakiwa kuanza.

Baba mdogo akajitokeza kifua mbele, akapiga funda moja. Likamtokea puani.

Hapo wazee wakaanza kusimama. Mchumba wangu alikuwa mlangoni, machozi yanamlengalenga. Sitaficha, niliogopa sana. Nilikuwa nampenda yule binti, na nilimwona kabisa ananiponyoka kwa sababu ya gogo.

Nikakiokota kibuyu cha baba mkwe, nikanywa chote.

Mwanzo unapata ndizi. Halafu unapata kwinini. Halafu unapata karakana nzima, na utomvu unabaki kwenye meno. Nikafuta mdomo nikasema, "Baba, ni mbao tu. Hakuna kingine."

Akanitazama muda mrefu, nadhani akisubiri nianguke. Sikuanguka. Akawageukia ndugu zake.

"Kijana aliyemeza hii bila kukunja uso, huyu atamvumilia binti yetu. Leteni pombe yetu tuzungumze."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Binti mwenyewe hakucheka.

Tukiwa njiani kurudi, mzee aliyetema pombe mbele ya wakwe akanipiga begani. "Umeona? Sedrela imekuoza!" Nikaendelea kuchokoa utomvu kwenye meno.

Nilichojifunza: mtu akikusifia mbao mwezi mzima, muulize hazifai kwa kazi gani. Akikosa jibu, usimpe kazi ya jikoni. Na pombe ya posa onjeni nyumbani, hata mzee anune.

Wenye uzoefu na mti huu tiririkeni hapa, na waliooa kwa taabu kunizidi pia karibuni.

Ila kwenye ile kauli ya mkwe mniandikie kwa uangalifu. Mke wangu anasoma hapa begani kwangu, na yeye alishamsamehe baba yake. Mimi bado hajanisamehe, kwa sababu nami nilicheka.