Tundu la Pili la Wilma Teague

Wilma Teague hakusamehe, na mimi sikumwomba asamehe. Tunafanya kazi pamoja kwenye uwanja wetu wa mbio za magari hapa Carolina Kaskazini, mimi kwenye mzani wa kupimia magari, yeye akikagua vizimba, yale mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva ili gari likipinduka paa lisimponde. Siku nyingine huvichomelea mwenyewe katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake. Ni mfupi, mikono imejaa makovu ya cheche, na hapendi kuharakishwa. Bomba asiloliamini hulitupa nje kwenye nyasi, hata mwenye gari akiwa amesimama hapo analalamika.

Mdogo wake, Lyle, alifia ndani ya kizimba kilichoundwa na Royce Huffstetler. Gari lilipinduka mara moja tu, kizimba kikajikunja. Siku ya mazishi Royce alisema kijana alikuwa na mwendo wa kichaa, na kanisa zima lilimsikia. Wilma akalivuta lile gari hadi nyumbani, akalikata kipande kwa kipande.

Alichokikuta kilimla moyo miaka tisa. Sheria ya uwanja inamtaka fundi atoboe tundu dogo kwenye bomba kuu, ili mkaguzi aingize kipimo aone unene wa chuma. Royce alitumia bomba la chuma chembamba, halafu pale penye tundu tu akachomeka ndani kipande kifupi kinene, urefu wa kidole, ili kipimo kidanganyike. Wilma alipowapelekea wakubwa wa uwanja kipande kile, walimwambia gari limeshakatwakatwa, nani atajua kimetoka wapi. Tangu hapo alitembea nacho mfukoni. Akaomba kazi ya ukaguzi, na Royce aliposikia akapeleka magari yake viwanja vingine.

Jumamosi moja ya Mei Royce alirudi, kwa kuwa mwanawe Brandt alitaka kushindana nyumbani. Baba mtu alikuja akitafuna mkate wa maini ya nguruwe, akitaniana na kila mtu. Wilma akaingiza kipimo, kikasoma sawasawa. Stika ya ruhusa ilikuwa mkononi mwake, nami nilimwona akiitazama muda mrefu mno. Baadaye alikiri kwangu kwamba alitaka kuibandika. Alitaka Royce naye aende kuchagua jeneza.

"Bandika basi, Bi Wilma," Royce alisema. "Au macho yameanza kuzeeka?"

Wilma alimpa Brandt spana. "Gonga hapo kwenye tundu, mwanangu. Sasa shuka nayo taratibu."

Brandt akagonga. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, lakini kiganja kimoja chini yake bomba lililia kama mkebe mtupu. Akarudia mara mbili. Wilma akachukua drili, akatoboa tundu la pili pale penye mlio mwepesi, akaingiza kipimo na kumwonyesha Brandt ajisomee. Kisha akatoa kile kipande mfukoni, akakiweka juu ya boneti.

"Hiki kilitoka kwenye gari la Lyle. Cha kwako kiko humo ndani."

Brandt akamgeukia baba yake. "Mzee, ulijua?"

Royce akaanza kueleza habari za kupunguza uzito, kwamba mafundi wote wanafanya hivyo, kwamba yeye hawezi kumtakia mwanawe mabaya.

"Nimekuuliza kama ulijua."

Royce akautazama mkate wake. Foleni nzima ilikuwa imezima injini. Nilifurahi, sifichi.

Wiki iliyofuata Brandt alimwendea Wilma kumwomba kizimba kipya. Nilidhani atamfukuza. Alikubali, kwa sharti moja: Royce mwenyewe ndiye atakayemfunga mwanawe mikanda kila mbio, asitume mtu. Royce akaitikia haraka, akidhani amepona.

Kizimba kile ni imara kuliko vyote alivyowahi kuunda Wilma. Bomba lenyewe hakuliandika kitu, maana kulichora hulidhoofisha. Lakini kwenye bati la dashibodi amechora kwa moto herufi nne nene ambazo rangi haizifichi: LYLE. Kila Jumamosi Royce huingiza kichwa dirishani, na jina liko shibiri moja kutoka puani mwake.

Mwezi uliopita alimfuata Wilma, kofia mkononi, akamwomba kwa sauti ya chini alisage lile jina lifutike. Alisema halali vizuri siku hizi.

"Mtoto anakungoja, Royce," Wilma alimwambia. "Kamfunge mkanda."