Mke Wangu Alinishtaki Kanisani kwa Kuogelea Siku ya Sabato

Admin, jina langu lifiche, na watu wasikuulize kanisa ni lipi. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa shule ya msingi huku upande wa Magwagwa. Nina shamba dogo la majani chai na ndizi, watoto watatu, na ndoa ya miaka kumi na tisa. Sisi ni Wasabato, na mpaka juzijuzi nilikuwa mzee wa kanisa. Sasa siruhusiwi hata kusimama mbele kusoma matangazo, na aliyenifikisha hapo ni mke wangu mwenyewe, Mama Moraa.

Ilianza kwa zawadi. Kaka yake ni mpishi kwenye meli ndogo huko Pwani, inayobeba watalii kumi na wawili tu kwenda kutazama nyangumi, pomboo na samaki wa kwenye matumbawe. Likizo ya mwezi wa nane, makambi ya kanisa yalipoisha, wageni wawili hawakutokea, naye akatuombea chumba chao, Alhamisi hadi Jumapili. Nilimwambia mke wangu wazi, "Mama Moraa, Sabato itatukuta majini." Akanijibu, "Sabato inatunzwa popote, Baba Moraa. Pakia nguo." Nikapakia.

Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa hakuna kitu, ila mimi kutapika chai ya shemeji. Mchana huo Mama Moraa aliingia jikoni akamwamuru kaka yake atuchemshie maharagwe mapema, asije akatuwashia moto siku takatifu. Shemeji akacheka. "Dada, hapa kuna watu wanataka mayai asubuhi. Hiyo moto haizimwi." Jua lilipozama mke wangu akafunga pazia la chumba, tukaimba nyimbo mbili, tukalala.

Jumamosi asubuhi meli ilitia nanga karibu na matumbawe, wageni wakapewa miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Hapa nakiri, sitaki kujifanya malaika. Nilitaka kwenda, nikaenda. Nilijiambia kwamba kutazama kazi ya mikono ya Mungu si dhambi, tunafundishwa hivyo tangu utotoni, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimevaa kaptura ya kuazima na moyo unadunda kwa hamu. Mimi maji yaliyowahi kunifika kiunoni ni ya mto wa kwetu tu. Nilitumbukiza uso, nikaona samaki wa manjano wakipita chini ya tumbo langu bila kunijali. Ndugu zangu, nilisahau kabisa ni siku gani.

Mara kiongozi wa watalii akapiga kelele: nyangumi! Tulipandishwa haraka, nikasimama mbele ya meli nikitetemeka ndani ya taulo. Walikuwa wawili, mama na mtoto wake, na yule mtoto alijirusha juu mpaka nikaona tumbo lake jeupe. Niligeuka kumtafuta mke wangu, hayupo. Nilipoingia chumbani nilimkuta kitandani na Biblia mapajani, pazia limefungwa. "Umemaliza kuogelea, mzee wa kanisa?" Hakuniambia neno lingine mpaka tukafika Kisii.

Sabato iliyofuata, wakati wa maombi, akasimama. "Wapendwa, mniombee mume wangu. Alivua nguo akaogelea na watalii siku ya Bwana, mimi nikabaki peke yangu na Neno." Kanisa zima likaguna. Baraza likaniita, nikajieleza saa nzima, na jambo lililowashughulisha zaidi ni urefu wa kaptura. "Mwalimu, ilifunika magoti ama haikufunika?" Haikufunika. Nikasimamishwa uzee miezi sita. Wanafunzi wangu sasa wananiita Nyangumi, na nikigeuka kila mmoja anaangalia daftari lake.

Ningevumilia. Lakini wiki mbili baadaye shemeji alinitumia picha zilizopigwa na mgeni mmoja wa meli, na moja ikanifanya nikae chini niitazame upya. Ni Mama Moraa, siku hiyo hiyo, nyuma ya meli, ameshika chuma cha ukingoni, kitambaa cha kichwa kimetoka, anacheka mpaka magego yanaonekana. Mbele yake mkia wa nyangumi unazama. Nikampigia shemeji. "Ala, hukujua? Dada ndiye alikimbia wa kwanza! Alikuwa anapiga nduru, 'Nyasae one! Nyasae one!' mpaka wazungu wakacheka." Yaani "Mungu wangu", kwa Kikisii chetu.

Nyani haoni kundule! Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Jioni, akimenya ndizi, nilimuuliza polepole, "Mama Moraa, siku ile hukuona hata mkia?" Akajibu bila kuinua macho, "Mimi nilikuwa nasoma Neno. Wewe ndiye uliona." Sikumwonyesha picha.

Sasa Jumapili hii baraza linakaa kumpitisha awe kiongozi wa akina mama, na nimeitwa kama mumewe niseme kama anafaa. Nikiitoa picha, ataaibika mbele ya watu walewale alionishtaki kwao, na kuna saa natamani iwe hivyo. Nikinyamaza, nitabaki mwenye dhambi peke yangu katika nyumba ya watu wawili waliotoka kutazama nyangumi walewale. Nimechoka kuombewa.

Na kuna linaloniuma kuliko uzee wa kanisa. Miaka kumi na tisa sijawahi kumwona akicheka vile, hata siku ya harusi, hata Moraa alipozaliwa. Naifungua ile picha nikiwa peke yangu shambani, naanza na hasira, halafu najikuta namwangalia yeye tu. Nikiipeleka barazani, najua hatacheka hivyo tena.

Nishaurini, hasa ninyi mliokaa kwenye ndoa. Nitamwambiaje mke wangu kwamba nimemwona akifurahi, bila yeye kusikia kwamba namshtaki?