Gari Jekundu, Gari Jeupe na Daftari la Baba

Wadogo zangu mliobaki nyumbani, mliniuliza Jumamosi ile, "Safari ilikuwaje?" nami nikajibu, "Salama," kisha nikaenda kuosha vyombo. Mnanijua. Maneno yakiwa mengi, kwangu hugeuka njiani na kurudi tumboni. Mama akasema, "Basi andika, Rehema. Wewe mkono wako ndio una mdomo." Kwa hiyo naandika, na Baba ameruhusu yote yaliyomo, hata ya mguu.

Tuliondoka kwa sababu ya gari, lakini habari inaanzia kwenye goti. Baba aliendesha malori tangu kabla sijazaliwa. Miaka miwili iliyopita, wakati wa kupakia, marobota ya tumbaku yalimporomokea na kulivunja goti lake la kushoto. Goti lilipona, ila lilipona kwa namna yake: likikunjwa mara nyingi linatetemeka. Tangu hapo Baba hakushika usukani tena. Jioni alikaa kwenye benchi letu hapa Mvara, akisikiliza malori yakipanda, na kila dereva alipobadili gia yeye alinong'ona, "Ya tatu. Sasa ya pili. Ya pili, bwana! Unaua injini."

Na alikuwa na ndoto yake ya zamani: gari dogo la mbio, lenye milango miwili na kiti cha chini. "Miaka yote nilikaa juu ya barabara," alisema. "Sasa nataka kukaa karibu nayo."

Mama Furaha, mfanyabiashara wa Kongo anayeuza magari mjini Koboko, alikuwa nayo mawili. Kampuni moja, umbo moja, hata taa zilikuwa na jicho lile lile la kusinzia. Jekundu lilikuwa kwa dada yake hapa Mvara, jeupe lilikuwa kwake Koboko. Alipopiga simu, Baba alifungua spika, sote tukasikia.

"Papa, hizi gari ni mapacha. Nyekundu iko na gia ya mukono, nyeupe inabadilisha yenyewe. Chukua nyekundu kwa dada yangu, kuja nayo mupaka hapa, utazame na mwenzake. Ile roho yako itapenda, unarudi nayo. Ingine inabaki kwangu."

"Inabadilisha yenyewe?" Baba akauliza. "Sasa dereva iko na kazi gani? Kupungia watu mkono?"

Mama alikuwa na swali lake. "Mlango mbili, watoto tano. Sisi tutakaa wapi?"

"Wewe utakaa mbele. Watoto iko na miguu."

Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya daftari. Kwenye malori ya Baba kila safari iliandikwa: saa ya kuondoka, kila kituo na sababu yake, saa ya kufika. Mwisho dereva anatia sahihi. Na mzigo ukifika, kabla ya kupeana mikono, daftari linasomwa kwa sauti mbele ya mwenye mali. Baba alinipa lile daftari lake la jalada gumu, lililolala kabatini miaka miwili. "Andika kila kitu," akasema. "Dereva anasahau. Daftari halisahau."

Saa tatu asubuhi, Mvara. Jekundu liliponguruma, majirani walitoka. Baba aliingia kwa kutanguliza mguu wa kulia, kisha akaubeba wa kushoto kwa mikono miwili na kuuweka ndani, kama mtu anayempakia mtoto aliyelala. Akavaa miwani yake ya jua. Wallahi sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu tumbaku. Tulipita mjini Arua, kilima cha Arua Hill kikabaki nyuma, na kwenye kila mzunguko alibadili gia kwa madaha, mpaka mtu wa boda akapiga ukelele, "Mzee, umerudi ujana!" Nami nilifurahi, niliyezoea kuinama watu wakinitazama.

Saa tatu na nusu, Ombaci. Tukasimama. Baba alisema anataka kutazama tairi. Nikaandika: *Ombaci. Sababu: tairi.* Lakini hakutazama tairi. Alisimama nyuma ya gari akilikanda goti lake, akiwa amenipa mgongo. Chini ya mstari ule, kwa herufi ndogo sana, nikaongeza: *Anakanda goti.*

Baada ya hapo lami ilikuwa nzuri, na vilima vya kijani vilipanda na kushuka pande zote. Niliwaona wanawake wakianika mihogo myeupe juu ya mawe. Ningesema safari ilikuwa tamu, kama isingekuwa vituo. Tulisimama kununua karanga. Tulisimama kumsalimia mzee mmoja ambaye Baba hakumjua wala yeye hakumjua Baba. Tulisimama kutazama mlima. Kila mara niliandika sababu aliyonipa, na chini yake, kwa herufi ndogo, nilichokiona.

Saa tano na dakika chache, Maracha. Mbuzi wawili walikatiza barabara. Baba akakanyaga breki kwa mguu wa kulia, na wa kushoto ulitakiwa kukanyaga klachi, nao haukufika. Gari liliruka kama chura, likazima katikati ya lami. Nyuma yetu lori lilipiga honi ndefu, likatukwepa kidogo tu, na dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee! Rudi shule!"

Baba, ambaye angeweza kumfundisha yule kijana kuendesha hilo lori kinyumenyume mpaka Arua, alitafuta ufunguo tu. Aliwasha gari, goti likitetemeka. Baadaye akaniambia bila kunitazama, "Andika mbuzi."

Nikaandika: *Maracha. Sababu: mbuzi.* Na chini yake: *Mguu haukufika.*

Saa sita kasoro robo, Koboko. Mama Furaha alitupokea uani kwake. Ni mwanamke mpana, mwenye kitambaa cha maua kichwani na kicheko kinachofika kabla yake. "Karibu, papa! Na huyu mutoto wako, hana ulimi?" Nikatabasamu tu. Pembeni yake alikuwa Fundi Taban, aliyekuwa akitengeneza malori ya Baba zamani, na ambaye mpaka leo humwita Kamanda.

Jeupe lilikuwa kivulini. Wakayaegesha bega kwa bega, na kweli, ukiondoa rangi, huwezi kusema lipi ni lipi. Baba alizunguka yote mawili. Alipiga boneti, alisikiliza injini, alinusa viti. Ndani ya jekundu kulikuwa na makanyagio matatu, ndani ya jeupe mawili, bila klachi.

"Hii nyeupe ni ya bibi arusi," akasema Taban. "Wewe Kamanda, tangu lini unaendesha gari ya bibi arusi?"

Baba akacheka, akakivuta kifua mbele. "Mama Furaha, roho imependa. Nachukua nyekundu." Akanyoosha mkono.

Niliona lile lori la Maracha tena, safari hii likiwa halitukwepi. Niliwaona nyinyi pia, wadogo zangu, mmejipanga kwenye kiti cha nyuma. Nilitaka kusema, na maneno yakageuka njiani.

Lakini Mama Furaha hakuupokea mkono. "Ngoja, papa. Wewe si ni mutu ya malori? Kwanza daftari, kisha mukono."

Wote wakanigeukia. Nikafungua daftari. Nilisoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, nikapaza kidogo: Mvara, saa tatu. Ombaci, tairi. Kisha karanga. Kisha salamu. Kisha mlima. Maracha, mbuzi. Koboko, sita kasoro robo. Mistari ya chini niliiruka yote.

"Karibu masaa tatu!" Mama Furaha akapiga makofi. "Kutoka Arua, kwa lami hii? Papa, mulikuja mukisukuma?"

"Karanga, salamu, mlima," Taban akahesabu kwa vidole. "Kamanda, umekuwa mtalii?"

Wakacheka. Mimi nilifunga daftari. Baba hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Rehema. Soma na ile ya chini."

"Ipi, Baba?"

"Ile uliandika na herufi ndogo. Nilikuona kwa kioo."

Sijui kama mmewahi kusimama mahali mkatamani ardhi iwe mlango. Nikatikisa kichwa. "Baba, si lazima."

"Daftari likisomwa nusu, mwenye mali ameibiwa nusu," akasema. "Mimi niliwafundisha watu wengi hiyo. Soma."

Nikasoma. Anakanda goti. Anakanda goti, karanga hakula. Anaegemea bega la mzee ili asianguke. Jasho, na jua si kali. Nikafika Maracha, nikaweka kidole chini ya mstari. "Mguu haukufika."

Taban alivua kofia yake, akawa anaigeuzageuza mkononi. Mimi nilitazama viatu vyangu nikingoja aibu ya baba yangu ianguke mbele ya watu, na niwe mimi niliyeiangusha.

"Basi ni hivyo," Baba akasema. "Mtoto ameandika sawa."

Mama Furaha ndiye aliyesogea kwanza. Hakusema pole. Alitoa ufunguo wa jeupe mfukoni, akaushika hewani. "Papa, mimi nauza gari kwa mutu ili abaki muzima. Kama ningalikuwa mutu mubaya, ningalikupa nyekundu na kunyamaza. Kwenda kwanza na hii mupaka Lurujo, murudi. Kukataa, utakataa nyuma ya kurudi."

Saa sita na nusu, njia ya Lurujo. Tulitoka watatu: Baba kwenye usukani, Taban kando yake, mimi nimekunjwa nyuma kama nguo kwenye sanduku. Njia ni ya udongo mwekundu, mashamba ya mihogo na mtama huku na huku. Hatukwenda mbali tukapata kona, na Baba, kwa mazoea ya maisha yake yote, akautupa mguu wa kushoto kutafuta klachi. Klachi haipo. Mguu ukatua kwenye breki. Gari likasimama ghafla, kichwa cha Taban kikagonga dari.

"Yaa! Kamanda, unataka kuniua kwa gari ya bibi arusi?"

"Nilikuwa nabadilisha gia!"

"Gia iko inajibadilisha! Mguu huo hauna kazi tena. Acha ulale."

Ikatokea mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka watoto waliokuwa wakipalilia wakaacha majembe na kusimama kutungojea tuipige breki tena. Nilicheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa, na Baba aliponiona kwenye kioo alicheka pia, mpaka akavua miwani kufuta macho. Taban akainama, akakisogeza kiti cha Baba nyuma, akaukamata mguu wa Baba kwa mikono yake yenye mafuta na kuunyoosha taratibu. Yule aliyekuwa akitania uani alifanya kazi hiyo kwa upole, kama anayefunga jeraha. "Hapo," akasema. "Umefanya kazi ya kutosha, ndugu."

Baba akauambia mguu, "Lala." Tukaenda mpaka Lurujo na kurudi bila kuruka tena.

Uani, Baba alimpa Mama Furaha mkono, na safari hii ulipokewa. Wakamaliza mambo ya karatasi, na Mama Furaha akanifunika kichwa kwa kiganja. "Mutoto huyu iko na ulimi," akasema. "Iko ndani ya kalamu." Kisha Baba akaenda msikitini. Yeye sasa huswali akiwa amekaa kwenye kiti. Nilimngoja nje, naye alikaa muda mrefu kuliko kawaida.

Saa tisa, kuondoka Koboko. Nilikaa mbele. Jeupe lilikwenda kimya, na baada ya muda nikasikia Baba ananong'ona, kama kwenye benchi letu. "Ya pili. Ya tatu. Ya nne." Alikuwa akisikiliza injini ikijibadilisha. Tulipopanda kilima kirefu akatikisa kichwa. "Imeshuka ya tatu pale pale ningeshuka mimi," akasema. "Kuna mtu alimfundisha huyu vizuri."

Maracha tulisimama. Nikashika kalamu, nikamtazama goti. "Hapana," akasema, "ni karanga kweli. Mama yako anapenda za huku." Alishuka, akanunua, akala nyingine amesimama katikati ya wauzaji, akibishana nao bei kwa raha. Lori likapita. Baba akalipungia mkono, na dereva akapiga honi fupi, ile ya salamu.

Ndiyo maana nawashukuru watu wawili wa Koboko ambao huenda msiwaone kamwe. Mama Furaha angeweza kuupokea mkono wa kwanza. Taban angeweza kuendelea kucheka. Na namshukuru Baba zaidi ya wote, kwa sababu mimi nilidhani kuruka mistari ndiyo heshima niliyokuwa nayo ya kumpa, naye akaniomba nyingine.

Saa kumi na nusu, Mvara. Mliruka ukuta kutupokea, mkajazana kwenye kiti cha nyuma wote wanne, na Mama akasema, "Kumbe wanaingia!" Mlipokuwa mkipiga honi, Baba aliniomba daftari. Nilimfungulia ukurasa wa kurudi, wenye kituo kimoja tu, akatia sahihi chini yake.

Halafu akageuza nyuma mpaka kwenye ukurasa wa kwenda. Aliusoma taratibu, mistari mikubwa na midogo. Akaomba kalamu tena, akatia sahihi na hapo.