Chupa Isiyo na Harufu

Mara ya kwanza nilipotoka kutembea na kundi, nilianguka kwa kiu nikiwa na lita nzima ya maji mgongoni.

Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia nilizirai hudhani sikubeba maji. Nilibeba. Yalikuwa ndani ya chupa ya soda niliyoiosha mara tatu. Tulipofika nusu ya njia, jua limeshasimama juu ya machimbo ya mawe kule Mwakirunge, niliifungua nikainusa. Maji yalikuwa moto na yalinuka plastiki. Nikafunga. Mwalimu anayetuongoza akaninyooshea chupa yake, nami nikamwambia, "Asante mwalimu, nimeshakunywa." Uongo mtupu. Nilikuwa nimeutazama mdomo wa chupa yake nikaona pale rangi ya midomo ilipobaki, nikaona afadhali kiu. Haikupita nusu saa nikazirai. Nilirudishwa barabarani kwa bodaboda, mtu mmoja amenishika kwa nyuma nisidondoke, kama gunia la makaa.

Mwalimu ni mama wa makamo, anafundisha shule ya msingi huko Changamwe, na hana maneno mengi. Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe wa sauti: "Safari hii tunapanda vilima vya Kwale. Wewe njoo. Lakini njoo na maji utakayoyanywa. Tukifika kituo cha kwanza nikute chupa yako haijapungua, nitakurudisha, na sitakuita tena."

Niliusikiliza ujumbe ule mara kumi. Ninatengeneza simu kwenye kibanda kidogo Kisauni, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kutazama video na kuharibu simu zangu. Siku nzima nimeinamia bodi na mashine ya kuchomelea, na wateja huzungumza na mkono wangu, si na mimi. Kundi lile la watu saba ndilo jambo pekee nililo nalo nje ya kibanda. Sikutaka kulipoteza kwa sababu ya chupa.

Sijui jinsi ya kueleza shaka yangu bila kuonekana nina wazimu. Nikiwa kidato cha pili niliugua homa ya matumbo. Wakati ule mabomba yalikuwa makavu na tulikuwa tunanunua maji ya mkokoteni. Daktari alisema huenda ni yale maji. Hiyo "huenda" yake imenikaa mpaka leo. Tena kazi yangu yenyewe haisaidii. Anayefungua simu kila siku haliamini neno "orijino". Nimeshaona betri mpya zilizovishwa ganda jipya juu ya moyo wa zamani. Basi kwa nini chupa iwe tofauti? Kila asubuhi naona mikokoteni ikitoka upande wa jaa la Mwakirunge imebeba magunia ya chupa, na sijawahi kumpata mtu wa kuniambia zinakoishia.

Nilikwenda Kongowea na orodha. Chupa ya plastiki sitaki. Ule mfuko wa maji wenye mrija, ambao wenzangu wawili wanao, sitaki pia, maana siwezi kuona ndani ya mrija, na kisichoonekana siwezi kukiosha. Alumini hapana, inabonyea, na kwenye mbonyeo ndipo uchafu hukaa. Nilitaka stili, lita moja na nusu, mdomo mpana mkono uingie, kifuniko cha kuzungusha chenye kitanzi, na mpira wa kuzuia maji unaotoka wote ili uoshwe. Na isiwe na harufu yoyote. Hilo nilikuwa nimelipigia mistari miwili.

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, amevaa kofia ya viua, bidhaa zake zimepangwa juu ya turubai. Nikatoa mfukoni sumaku niliyoibandua kwenye spika mbovu. Nilikuwa nimesoma kwamba stili nzuri haishikwi na sumaku.

"Dada, salama?" akasema, macho yake kwenye sumaku.

"Salama. Hii imeshika huku chini."

"Na huko chini ndiko utakakonywea?"

Sikucheka. Nikachukua nyingine, sumaku ikateleza. Nikaomba maji, nikaijaza, nikaipindua, nikahesabu mpaka mia moja nikitazama kama litadondoka tone. Nikaichungulia ndani kwa tochi ya simu. Nikanusa.

"Wewe umekuja kununua chupa ama kuipeleka hospitali?" akaniuliza. Mama wa vitunguu aliyekuwa ubavuni mwake akadakia: "Mwache. Hata bi harusi hakaguliwi hivyo, lakini mwache."

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Dukani, mjini. Katoni nzima. Wallahi."

Wallahi yake ilikuja haraka mno, kwa hiyo nikaitia shaka nayo. Hata hivyo nilinunua. Kesho yake nikairudisha kwa sababu kifuniko kilikuwa na mkwaruzo, na mtu anakwaruzaje kitu kilichotoka kwenye katoni? Akanibadilishia bila ubishi, na hilo pia likanitia wasiwasi: mfanyabiashara asiyebisha anaficha nini? Ile ya pili ilinuka mafuta ya mashine. Niliporudi mara ya tatu alinipokea kwa sauti, "Karibu daktari!" na soko zima likageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini chupa nilibadilisha.

Ya tatu nilikaa nayo siku nne. Maji ya moto, ndimu na chumvi, maji ya moto tena, kisha kuianika mdomo chini juu ya kitambaa safi. Kila asubuhi niliyaonja maji yaliyolala ndani yake, funda moja, nimefumba macho. Siku ya nne sikusikia chochote. Ilikuwa chupa isiyo na harufu kabisa. Nakiri kwamba nilikaribia kulia.

Ijumaa nilivuka feri kwenda kulala kwa shangazi yangu huko Bofu, kwani kundi lilikuwa linaondokea Likoni alfajiri. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Nyumbani kwao ni palepale tangu mababu, na mimi niliyelelewa Kisauni hunihesabu nusu mgeni. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza ya nyumbani moja baada ya jingine, halafu akaiona chupa.

"Ya nini hii?"

"Ya maji, shangazi. Kesho tunapanda mlima."

"Mnafuata nini huko juu?"

"Hatufuati kitu. Tunatembea tu."

Akanitazama kama ninayemficha jambo. Nikaenda kuoga. Niliporudi nilikuta uani moshi mweupe unapanda kutoka kwenye chetezo, na juu ya chetezo, mdomo chini, ipo chupa yangu, imejaa moshi wa ubani.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Naifukiza. Utatia maji kwenye chombo kitupu hivi? Maji ya safari?"

"Nimeisafisha siku nne isinuke!"

"Ndiyo maana ilikuwa inanuka ukiwa," akasema, na wala hakuondoa mkono. "Maji yasiyofukizwa ni ya kutawadhia, si ya kumpa mtu anywe. Bibi yako alikuwa akiifukiza mitungi yote ya nyumba hii. Mgeni akinywa hapa anajua amefika."

Niseme kilichonipitia kichwani, ijapokuwa nakionea haya. Nilijiuliza kama ni ubani mtupu. Nilijiuliza kama kuna alichokisomea, kama kuna jambo anataka nilifanye au niliache, maana mwezi ule alikuwa ameshaniuliza mara mbili mbona siolewi. Mwanamke aliyenibeba mgongoni, namtia shaka kwa chupa! Nikatazama kwenye chetezo, ndani ya makaa, kutafuta kitu kingine. Akaniona.

"Unatafuta nini humo? Hirizi?"

"Abee? Hapana, shangazi."

"Astaghafirullah. Nenda kale."

Alipoingia ndani kuswali niliisuuza kwa maji ya moto na ndimu mbili za jikoni kwake. Harufu haikutoka, ilishuka kidogo tu ikatulia, kama mtu aliyeamua kulala pale. Sikuwa na chupa nyingine. Asubuhi nikaijaza maji yaliyochemshwa, nikafunga, nikatoka.

Tulianza kupanda kabla jua halijawa kali, kwa njia nyembamba kati ya mikorosho, halafu njia ikaachana na mashamba. Mimi nilikuwa wa tatu toka mbele, napumua vizuri, sinywi. Nilijiambia kiu haijaja. Ilikuwa imekuja zamani, ulimi umeshakuwa mzito. Ila kila nilipoigusa chupa nilijiuliza ule moshi umeacha nini ndani, na kama ndimu zangu hazikuchanganyika nao zikazaa kitu kibaya zaidi.

Kituo cha kwanza kilikuwa mwamba mpana. Mwalimu akaanza kukagua chupa, akiinua moja moja juani kama anayesahihisha madaftari. Yangu ya stili haionyeshi kitu, kwa hiyo akaitikisa. Haikusema. Chupa iliyojaa haisemi.

Akafungua, akanusa, akaiondoa puani haraka.

"Umetia nini humu?"

"Maji, mwalimu."

"Maji gani yananuka kanisa? Hii ni harufu ya padri akipita na chetezo."

Mwenzetu mmoja, bwana mzima anayefanya kazi za kutoa mizigo bandarini, akaja naye kunusa. "Mimi sionji," akasema akirudi nyuma hatua mbili. "Dada huyu si ametoka ng'ambo kule Likoni? Amekuja na maji ya kutuliza majini!"

Wakacheka, wote ila mwalimu. Yeye alikuwa ananitazama, na niliujua mtazamo ule maana ndio ninaomtazamia kila mtu: wa kutafuta mahali kitu kilipofungwa upya.

"Shangazi yangu ameyafukiza ubani," nikasema. "Kwao ndiyo maji ya mgeni."

"Basi mbona mgeni hanywi?"

Nikakitazama kifuniko mkononi mwake.

"Hata wewe huyaamini," akasema, taratibu tu, bila ukali. "Unatubebesha sisi hofu yako. Bwana hapa atakusindikiza mpaka barabarani."

Yule bwana akaanza kweli kufunga kamba za mkoba wake. Ningependa kuandika kwamba saa ile niliwaza juu ya upendo wa shangazi. Sikuwaza hivyo. Niliona aibu, na niliudhika kwamba watu wanamdhania shangazi yangu jambo lilelile nililomdhania mimi. Mimi nilijiona nina haki nalo. Wao hawakuwa nayo. Nikaichukua chupa mikononi mwa mwalimu nikaipeleka kinywani bila kunusa.

Ubani ulitangulia, ukapanda puani, halafu maji yakapita chini yake. Yalikuwa na ladha ya nyumba ya mtu. Nikameza, nikameza tena, nikanywa mpaka kifua kikauma, na wote wamesimama wananitazama kama wanaosubiri nigeuke rangi. Niliposhusha chupa nilikuwa nahema.

"Taratibu," mwalimu akasema. "Utatapika." Akaichukua, akaitikisa tena. Sasa ilisema. Akanirudishia, akamgeukia aliyefuata.

Bwana wa bandarini akafungua tena zile kamba. "Hebu nami," akasema, akainua uso, akajimiminia kinywani kwa juu bila kugusa mdomo wa chupa. Nilimwangalia kwa makini. Hakugusa. Akajilamba midomo, akatikisa kichwa, akasema, "Mh. Haya ni maji ya watu wenye nafasi."

Tulifika kileleni saa nne na nusu. Bahari ilionekana mbali, mstari tu. Mtandao ulikuwepo, nikampigia shangazi.

"Mmefika? Na maji?"

"Yameisha, shangazi."

"Umeyanywa ama umeyamwaga?"

"Nimeyanywa."

"Ndimu zangu mbili zimekwenda wapi?"

Nikaikinga simu kwa kiganja. Upepo ulikuwa unaingia kwenye simu.

"Nimeyanywa," nikasema tena. "Wallahi."

Na mara niliposema nikasikia kwamba neno hilo limetoka haraka mno.