Kadi ya Kerubo Haikuwa na Kazi

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wajukuu humsomea mzee wangu ukurasa huu.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na tano, wa Ikonge. Miaka ya sabini nilikuwa mpiga kadi za kompyuta katika ofisi moja mjini Kisii: natoboa matundu kwenye kadi ngumu, kila mstari wa programu kadi yake. Boksi likijaa tulilituma Nairobi kwenye mashine yenyewe. Mume wangu ndiye aliyeandika programu za kujumlisha kilo za majani chai. Alinifundisha mwenyewe: "Jina la kushikia hesabu ukilitangaza pale juu ya programu na huku chini halina kazi, toa. Linakula nafasi bure."

Sasa mbona kila programu yake ilikuwa na kadi ya kutangaza jina KERUBO pale juu, na chini hakuna Kerubo popote?

"Huyu Kerubo anafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Hiyo wachana nayo. Itapata kazi."

Wivu ulinila, jamani. Ofisi ya jirani kulikuwa na karani aitwaye Kerubo, mrembo, meno meupe. Nikaacha kumsalimia. Kanisani nikahama kiti nisimwone. Jina langu mimi lina herufi saba na mashine ilikubali sita tu, kwa hiyo hata kwenye kadi sikutosha!

Nikajifungua binti. Mume wangu akaja na unga wa wimbi wa uji, anatabasamu. "Tumwite Kerubo."

Nikafoka, "Mwanangu hataitwa jina la malaya wako!"

Aliuweka unga mezani, akatoka. Programu iliyofuata haikuwa na ile kadi. Nilifurahi, nikajua nimemshinda mwanamke mwenzangu.

Mwezi jana, kwenye matanga huko Nyamarambe, shangazi yake akaniuliza, "Omong'ina, mama mzee, kwa nini ulikataa jina la Kerubo? Si ndiye dada yake aliyemlea bwana yako mama yao alipokufa?"

Nilikosa pa kuweka uso. Hadithi za yule dada marehemu nilizijua zote, lakini mume wangu alimwita Dada tu, siku zote. Na kwetu jina la marehemu hungoja mtoto azaliwe alirithi. Mimi nikalitukana.

Juzi mjukuu wangu amejifungua msichana, ameniomba mimi nichague jina. Nikisema Kerubo, mzee ataniuliza nimetoa wapi moyo huo, na itabidi niseme miaka yote hii nilimwonea wivu maiti. Nikinyamaza, mzee ana miaka themanini na moja. Kila asubuhi anampakata huyo mtoto, anamwita "wewe" tu. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngeanzia wapi?