Mama Hapana hataki kupanda lori

KASONGO, 1958 — Jua halijapanda, na ndani ya nyumba ya Zéphirin Kabamba mume na mke wanagombana. Mume anataka chai. "Hapana!" anajibu mke kwa sauti nyembamba. "Chai iko inangojea weye uoge kwanza!"

Piga hodi uingie, utamkuta Zéphirin peke yake mezani, kalamu mkononi. Sauti zote mbili ni zake.

Huyu ndiye mtunzi wa vichekesho vya redio ambavyo watu wa Kasongo husikiliza kila Jumamosi kwenye kipaza sauti cha sokoni, wakishika mbavu. Ameandika sitini na viwili. Mama Hapana, mke anayekataa kila kitu, anajulikana hata kwa wachimbaji wa dhahabu huko Salamabila.

"Nilizania ameoa tena," anasema jirani yake, Binti Zuberi. "Nikamupelekea bibi yake samaki. Nakuta iko yeye tu. Nilisikia haya, nikaacha samaki pale."

Hakuoa tena. Mkewe Marcelline, mzaliwa wa Kabambare, alifariki mwaka juzi kwa homa ya siku tatu. Mama Hapana ni yeye yule yule, hadi namna ya kuvuta neno.

"Zamani nilikuwa namusomea, anacheka, ananikatalia, naandika vile alisema," anaeleza Zéphirin. "Sasa najikatalia mwenyewe."



Sasa redio imemwandikia barua. Mwigizaji anayetoa sauti ya Mama Hapana anaolewa na kuhamia mbali. Basi, barua inaagiza, mhusika huyo naye asafiri, asirudi. Mchezo utumwe kwa posta ya Ijumaa.

Zéphirin amejaribu mara saba. Anampandisha Mama Hapana lori la Kabambare, aende kumsalimia mama yake. Kila mara, kabla dereva hajawasha gari, mwanamke anashuka: amesahau sufuria, shati la mume ni chafu, hapendi sura ya dereva. Vichekesho vimejaa karatasi, safari hakuna.

"Marcelline sikumuaga," anasema. "Nilienda kutafuta dawa. Kurudi, basi."

Leo anaandika mara ya nane. Amepanga lori liondoke kweli, liharibikie Wamaza, kabla ya kufika Kabambare, Mama Hapana ashuke kumfokea dereva, na mchezo uishie hapo.

Redio watakubali?

"Wameomba aende, anaenda!" anajibu, akicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha anashika tena kalamu. "Lakini sitaandika kama alifika. Mutu mwenye iko njiani, naweza kumungojea."