Siku ya Tano ya Mfungo Wangu

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni kwa adabu, maana aibu hii sikuipatia uchochoroni, niliipatia kanisani, mbele ya madhabahu, nikiwa nimevaa suti, na mpaka leo watu wa mtaani kwetu Igoma wakinisalimia naona midomo inawacheza.

Mimi ni seremala, na wakati ule nilikuwa kiongozi wa timu ya maombi kanisani kwetu, cheo nilichokibeba kana kwamba malaika ndio walionipigia kura. Yote yalianza Jumapili moja, pale mzee mwenzangu wa kanisa, Mzee Tito, aliposimama kwenye matangazo akasema atafunga siku tatu kuombea semina inayokuja. Watu wakaitikia amina, amina ndefu yenye heshima, na mimi (sijui nini kilinipanda) nikachukua maiki nikasema Bwana amenisukuma nifunge siku saba, maji tu. Bwana hakunisukuma popote, kilichonisukuma ni ile amina ya Tito. Njiani kurudi nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba Kulwa, hizo saba umekubaliana na Mungu, au umekubaliana na maiki?" Nikamwambia asiniletee mambo ya mwilini.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mtakatifu kweli kweli. Nilitembea polepole, niliongea kwa sauti ya chini, nikiulizwa hali najibu "tunasonga kwa neema", huku nikihakikisha aliyeuliza ameiona midomo yangu ilivyokauka. Ni siku hizo hizo alinijia Mama Pendo, mjane anayeuza samaki, aliyeokoka mwaka uliotangulia baada ya miaka mingi ya kuuza pombe ya gongo, akaomba kwa mara ya tatu kuingia timu ya maombi. Nikamwambia dada yangu, jitakase kwanza, kazi hii ina viwango. Akasema asante, akaenda zake. (Hapa ndipo mngenizaba kofi.)

Siku ya tano, Ijumaa, nilikuwa na kazi ya kupima milango Mabatini, na njaa ilikuwa imeshaacha kuuma, sasa ilikuwa inaongea. Nikapita kwa mama lishe mmoja anayekaanga sato, nikajiambia Igoma ni mbali, hapa hakuna anayenijua, nitaonja mchuzi tu. Nilionja mchuzi pamoja na sato mzima na ugali wake. Nilikuwa kwenye mgongo wa samaki pale mlango wa nyuma ulipofunguka, akaingia Mama Pendo na beseni lake, analeta mzigo. Nikainamisha kichwa, nikameza kilichokuwa mdomoni bila kutafuna, nikachomoka kama mwizi wa kuku, na kabla sijafika barabarani nikasikia kitu kinanichoma kooni.

Mwiba. Nilikunywa maji, nilikohoa, nilijigonga mgongo kwenye nguzo ya umeme, haukutoka. Mtu mwenye akili angeenda zahanati, lakini zahanati wangeniuliza nimekula nini, na mimi nilikuwa mtu asiyekula. Tena saa tisa semina inafunguliwa, wageni kutoka Geita na Sengerema wameshafika, na wa kufungua kwa maombi ni mimi.

Nikasimama madhabahuni. Mchungaji akanitambulisha kuwa mtumishi huyu yuko siku ya tano bila chakula, wageni wakapiga makofi, nikafungua mdomo niseme "Baba", ikatoka sauti ya bata. Nikajaribu tena, mwiba ukazama zaidi, machozi yakanitiririka, nikapiga magoti nimejishika shingo. Watu wakadhani nimezidiwa na uwepo wa Mungu, kwaya ikaanza kuimba taratibu. Mzee Tito yeye akasema ni pepo, akaniwekea mkono kooni akaanza kukemea, na kila akikemea anabonyeza (nadhani alifurahia kidogo).

Nyuma ya kanisa akina mama walikuwa wanawapikia wageni. Mama Pendo akatoka huko na tonge la ugali wa moto mkononi, akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele yangu. "Meza bila kutafuna," akasema. Mchungaji akamzuia, akamwambia mtumishi yuko kwenye mfungo, usimharibie. Mama Pendo akalisogeza tonge hadi karibu na mdomo wangu.

Na mimi, ndugu zangu, nikafumba mdomo. Nakaribia kufa, dawa iko mbele ya pua yangu, nikatikisa kichwa kukataa, eti kwa sababu zimebaki siku mbili zitimie saba, siku mbili za mfungo nilioshauvunja kwa sato mzima. Nikamsikia Mzee Tito anawaambia wageni, "Mnaiona imani hiyo?" Hapo ndipo niliposhindwa. Maiki ilikuwa bado imewashwa, nikaivuta, nikasema kwa sauti ile ile ya bata: "Ni mwiba wa samaki."

Nikapokea tonge, nikameza, nikaletewa la pili, nikameza, mwiba ukashuka. Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, na wa kwanza kabisa alikuwa mke wangu.

Baadaye nilimfuata Mama Pendo jikoni, anasugua sufuria, nikitarajia anipe ukweli wangu. Nikamuuliza kama aliniona Mabatini. Akasema aliniona. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema nini, Baba Kulwa? Niliona umekula, nikashukuru. Ulivyokuwa umekonda, nilidhani utatufia."

Nikaomba msamaha kwa habari ya vile viwango. Akanawa mikono, akachukua sahani, akaniuliza wali au ugali. Nikaanza kumweleza kwamba mtu kama mimi hastahili hata kukaa pale, na nilikuwa naeleza vizuri, kwa unyenyekevu mwingi, akanikatiza.

"Sijakuuliza unastahili nini. Nimekuuliza wali au ugali."

Nikasema wali, nikala mbele ya Tito na wageni wote, na nimeapa maiki ya kanisa haitasikia tena habari za tumbo langu.